Karakana ya Ufukweni

Bashiru Yahaya alikuwa na namna yake ya kumsikiliza mtu. Aliegemea kiti, akafinya jicho moja kama anayelenga shabaha, na tabasamu dogo likakaa pembeni mwa mdomo. Waliomzoea pale ofisini waliijua maana ya tabasamu lile. Msemaji alikuwa ameshahukumiwa, hata kama sentensi yake ya kwanza ilikuwa haijafika nukta.

Alikuwa ofisa usafirishaji kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na sasa kustaafu kulikuwa mlangoni. Mzaliwa wa Mirongo, mtoto wa fundi cherehani, ujanani alipelekwa kusomea mambo ya usafiri wa mijini, akarudi Mwanza hapitwi na neno. Akaandika mpango wa mabasi ya jiji kwa miaka mingi ijayo. Mpango ulipigiwa makofi, ukafungiwa kabatini. Baadaye ukaja wa pili, ulioandikwa na wageni. Huo aliusahihisha na hakuna aliyesoma masahihisho yake. Kwenye vikao vya mpango wa tatu alienda kula tu. Huu wa sasa ulikuwa wa nne, na jina lake lilikuwa refu kuliko barabara yoyote iliyokuwa ndani yake. Yeye aliuita Dira ya Sato, kwa kuwa hapakuwa na kikao chake hata kimoja kilichoisha bila samaki wa kukaanga.

Aliwadharau wote waliouandaa, ila hakuwadharau kwa kiwango kimoja. Mashimba, mkuu wa kitengo, alimdharau kwa upole, kama mtu anavyomdharau mbuzi kwa kuwa mbuzi. Mashimba alikuwa mdogo kwake kwa umri na mkubwa kwake kwa cheo, na alikipata cheo hicho kwa kutikisa kichwa. Aliitikia jambo kabla halijamalizika kusemwa, na likigeuzwa katikati, naye aliitikia kinyume chake bila kupumzisha shingo.

Mshauri mwelekezi, Jonathan, alimdharau kwa bidii zaidi. Huyu alitumwa na kampuni fulani kutoka Dar es Salaam, akavaa viatu bila soksi, na kila alipofungua kompyuta yake, ukutani zilijitokeza picha za Mwanza ya miaka ijayo. Mabasi marefu ya umeme yenye vioo vya bluu yalipita kwenye njia zake peke yake, na abiria wote walikuwa wembamba, wamevaa mashati meupe, wakicheka na simu zao. Hapakuwa na mama mwenye ndoo ya dagaa. Hapakuwa na mzee mwenye fimbo, wala mtoto aliyelia. Bashiru alizitazama picha zile akawaza kwamba, kwa mujibu wa Jonathan, watu wa Mwanza watakuwa wameshakufa wote kabla basi la kwanza halijawashwa.

Siku moja, katika kikao cha mwanzo, alijaribu kueleza jambo kuhusu kituo cha Pasiansi, kwamba pale kilipopangwa kujengwa kingewavusha wanafunzi barabara kubwa mara mbili. Jonathan alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mzee, hilo tuliegeshe kwanza." Wengine wakaandika. Neno la Bashiru likaegeshwa kama gari bovu, na tangu siku ile hakuna aliyelivuta. Naye tangu siku ile hakuinua mkono tena. Alikaa, akafinya jicho, akasubiri samaki.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Precious Machibya. Huyu alikuwa binti wa Magu, ajira mpya, na shida yake ilikuwa moja: aliamini. Jumamosi, wenzake wakiwa kwenye harusi na misiba, yeye alisimama vituoni akiwauliza akina mama wanatoka wapi, wanakwenda wapi, na jioni wanarudije. Jumatatu alikuja ofisini na uso umeungua jua, akaingiza majibu kwenye kompyuta kana kwamba kuna atakayeyasoma. Bashiru alimwona kama mtu anayedeki nyumba inayosubiri kubomolewa. Kumdharau hakukuwa rahisi, kwa kuwa kila asubuhi alimwamkia kwanza yeye kabla ya Mashimba, na tena alimwamkia kwa moyo. Kwa hiyo alichagua kuidharau imani yake, akamwacha mwenyewe.

Wiki moja kabla ya mkutano mkubwa wa wadau, Precious alikuja mezani kwake amebeba rasimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mzigo."

Akamweleza kwamba yeye ndiye aliyeteuliwa kuiwasilisha mbele ya mgeni rasmi. Jonathan angekuwepo, lakini Mashimba alitaka sura ya nyumbani isimame mbele. Akamwomba aipitie, hasa ramani, kwa kuwa yeye Precious Mwanza aliijulia ukubwani.

Bashiru akavaa miwani. Alifungua ramani, na jicho lake likaenda moja kwa moja kusini, Igogo, kwenye tambarare iliyo kando ya ziwa. Palikuwa pamepakwa rangi ya zambarau na kuandikwa: Karakana Kuu. Hapo ndipo mabasi yote ya umeme yangelala. Mitambo ya kuyachaji ingefungwa hapo, na ghala la vipuri na ofisi za kuongozea safari zingejengwa hapo hapo.

Alielewa mara moja. Mwaka ule mvua zilipokataa kukoma na ziwa likapanda, tambarare ile yote ilikuwa maji. Watu waliokota samaki aina ya kamongo kwenye vizingiti vya nyumba zao. Yeye mwenyewe alipita pale amekunja suruali hadi magotini, ameshika viatu mkononi, kwenda kumhani rafiki yake. Jonathan alikuwa ameiona sehemu hiyo kwa picha ya setilaiti, akaona ni tambarare, iko wazi, tena iko karibu na mjini. Hakujiuliza kwa nini, katika jiji ambalo watu hujenga juu ya majabali kama pelele, sehemu tambarare ya karibu na mjini iwe haina mtu.

Bashiru alifumbua mdomo. Kwa kweli neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini wakati huo huo mlango wa Mashimba ulifunguka, Mashimba na Jonathan wakatoka wakicheka, na Jonathan akapita karibu akampungia mkono kwa vidole viwili, kama mtu anavyompungia mlinzi wa geti. Neno likarudi lilikotoka. Akaviona vile viatu visivyo na soksi vikiwa vimesimama ndani ya maji. Akamwona Mashimba akitikisa kichwa huku maji yakimfika kidevuni. Picha hiyo ilimfurahisha kuliko picha zote za mpango ule.

"Iko vizuri," akasema, akaifunga rasimu. "Ipeleke hivyo hivyo."

Precious akamshukuru sana, akaondoka mwepesi.

Jioni alimsimulia mkewe, Mwanaheri, akicheka hadi akakohoa. Alimweleza habari za karakana, na umeme, na ziwa. Mwanaheri alikuwa anachambua mchele. Alimwacha amalize, kisha akauliza nani atakayesimama mbele siku hiyo.

"Yule binti wa Magu."

"Na yeye alikukosea nini?"

Bashiru alisema kwamba binti yule alihitaji kujifunza mapema ni watu wa namna gani anaofanya nao kazi, na kwamba somo hilo yeye alilipata kwa gharama kubwa zaidi.  Mwanaheri alipuliza makapi, akageuza sinia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mkutano ulifanyika kwenye hoteli moja ya Capri Point, katika ukumbi wenye madirisha yanayotazama ziwa. Palikuwa na wenye mabasi, watu wa benki, madiwani, na waandishi wa habari waliokaa karibu na chai. Mgeni rasmi alichelewa kama ilivyo desturi, akaingia watu wakasimama, akasoma hotuba ambayo ilionekana wazi kwamba maneno yake anayakuta njiani. Bashiru alikaa safu ya pili. Alikuwa amevaa koti lake zuri.

Precious aliwasilisha vizuri. Hata Bashiru alikiri moyoni kwamba binti anajua kuzungumza. Alieleza namna njia zitakavyoanza kidogo kidogo, namna wenye daladala watakavyoingizwa badala ya kufukuzwa, na jinsi mama wa sokoni atakavyorudi nyumbani kabla giza halijaingia. Watu walianza kusogeza viti mbele. Kisha akafika kwenye ramani ya karakana.

Diwani mmoja wa viti maalumu, Paskazia Nkwabi, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, akanyoosha mkono. Hakusimama. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Binti yangu, hapo kwenye zambarau ni pale chini, Igogo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mimi hapo nilipita kwa mtumbwi."

Ukumbi ukacheka. Paskazia hakucheka. Akasema kwamba hakutaka kuharibu shughuli nzuri, ila alitaka kujua kama hayo mabasi ya umeme yatafundishwa kuogelea. Jonathan akasimama, akasema kwamba takwimu za kina cha ziwa walizitazama. Paskazia akauliza ni za miaka ipi. Jonathan akainamia kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena, na kadiri alivyobonyeza ndivyo ukumbi ulivyozidi kunong'ona. Hatimaye akainua uso, akasema kwamba kwa vyovyote rasimu ilipitiwa na wataalamu wenyeji wa hapa hapa.

Hii ndiyo saa aliyoisubiri Bashiru. Viatu vilikuwa majini. Lakini Mashimba, ambaye hakuwahi kufanya jambo la haraka maishani mwake, siku hiyo alifanya: aligeuka safu ya pili.

"Mzee Bashiru. Wewe uliipitia?"

Watu wote wakamtazama. Precious naye akamtazama kutoka pale mbele, kijiti cha kuonyeshea kikiwa bado kimeelekea kwenye zambarau. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyeteleza akanyoosha mkono, akijua mkubwa wake yuko karibu.

Bashiru alisafisha koo. "Niliiona juu juu tu," akasema. "Maoni rasmi sikuombwa."

Precious akateremsha kijiti. Akamgeukia mgeni rasmi na kusema kwamba kosa ni lake. Alitakiwa afike pale kwa miguu yake kabla ya kusimama mbele ya watu kupaeleza. Kesho yake angefika. Akashukuru, akarudi kitini. Mgeni rasmi akasema maneno ya kufunga ambayo hayakufunga kitu, na mkutano ukaahirishwa.

Bashiru alikula sato wake wote. Pale mezani alianza kueleza kichekesho cha Jonathan na kompyuta yake, na alikieleza vizuri, lakini waliokaa naye walikuwa wenye mabasi wawili wasiojua kwa nini wacheke, nao waliinamia sahani. Alipotoka kwenda kutafuta usafiri, alimkuta Precious kwenye uwanja wa magari, amesimama kivulini na mkoba wake.

"Mzee, ulijua?"

Aliwaza kusema hapana. Lakini uongo wa mara ya pili siku moja aliuona ni kazi.

"Nilijua."

"Tangu siku ile nilipokuletea?"

"Tangu siku ile. Sikiliza, mwanangu. Wale si watu wa kusaidiwa. Mimi nimeona mipango mitatu kabla ya huu. Ningewaambia, wangeniegesha kama walivyoniegesha mwanzo."

"Sikuulizi habari zao," Precious akasema. Sauti yake haikupanda. "Aliyekuja na karatasi mkononi ni mimi. Niliyemuuliza ni wewe."

Bashiru akatazama upande wa barabara.

"Wenzangu walikuwa wananiambia, huyo mzee achana naye, ana dharau. Mimi nawajibu, ana dharau kwa sababu anaipenda Mwanza, anaumia ikichezewa. Hivyo ndivyo nilivyowaambia." Akavuta mkoba begani. "Kumbe hakuna kitu nyuma yake. Ni dharau yenyewe tu, basi."

Akamtakia jioni njema, kama binti yeyote aliyefunzwa anavyomtakia mkubwa wake, akaenda zake. Bashiru alisimama pale hadi bodaboda akamwuliza mara mbili anakwenda wapi.

Yaliyofuata yalikwenda bila yeye. Mashimba alimwandikia Precious barua ya onyo, kwa kuwa lazima barua iandikwe kwa mtu, na mtu wa kuandikiwa kwa usalama ni mdogo. Precious akaipokea, akasaini. Kesho yake baada ya mkutano, kama alivyoahidi, alishuka Igogo na diwani Paskazia, wakaonyeshwa na wenyeji alama za maji kwenye kuta, nyingine zikimfika mtu kifuani. Kisha akafanya jambo ambalo Bashiru alipolisikia alicheka kwa pua: alimwendea Jonathan, akamsifia picha zake, akamwuliza maswali taratibu mpaka Jonathan mwenyewe akagundua kwamba karakana ikae juu, upande wa Buhongwa, na akaligundua kwa furaha kubwa. Katika ugunduzi wake mwingine Jonathan aligundua pia kwamba vilimani panahitajika mabasi madogo, na kwamba wanafunzi wa Pasiansi wasivushwe barabara mara mbili.

Bashiru alilisoma hilo la Pasiansi kwenye rasimu mpya, akalirudia. Alitafuta cha kulibeza, akakipata, maana hakuwahi kukosa: kujipendekeza kwa mjinga ili ufanye jambo la maana, huo nao ni ujinga wa aina yake. Lakini hakuwa na wa kumwambia. Precious aliendelea kumwamkia kila asubuhi, baada ya Mashimba, na hakumletea tena karatasi. Wengine nao waliacha kumletea. Aligundua kwamba dharau yake ilihitaji watu wanaosogea karibu. Sasa alikaa mezani amefinya jicho, na mbele yake palikuwa na ukuta.

Siku moja aliinuka akaenda kwa Mashimba. Akamwambia, bila kuzungusha, kwamba rasimu ile aliipitia kwa makini, kosa aliliona, akanyamaza makusudi, na kwamba barua ya onyo ilikuwa na jina lisilo la mkosaji. Kulisema kulimgharimu. Jasho lilimtoka chini ya koti. Mashimba alimsikiliza, kwa mara ya kwanza bila kutikisa kichwa, kisha akatazama dari, akahesabu moyoni ni barua ngapi zingehitajika kuifuta barua moja.

"Mzee," akasema, "unastaafu mwezi ujao. Hilo tuliegeshe."

Alitoka mle akiwa amemdharau Mashimba kuliko siku zote, na bado hakupata nafuu. Alitaka kwenda kumwambia Precious kwamba amejaribu. Alifika hadi mlangoni kwake, akamwona yuko kwenye simu akibishana na mtu kuhusu upana wa barabara, akarudi.

Alipostaafu walimuaga kwa keki na zawadi ya jokofu. Mashimba alimwita hazina. Precious alimpakulia pilau, akamwuliza hali ya mama nyumbani, akaenda kupakulia wengine. Usiku Mwanaheri alimwuliza walisema nini, naye akajibu kwamba walimsifu. Mwanaheri akasema jokofu ni zuri.

Miezi kadhaa baadaye gari la matangazo lilipita Mirongo likiwaita wakazi kwenye uwanja wa shule ya msingi, kutoa maoni juu ya mpango wa mabasi. Bashiru alisema haendi. Saa ilipokaribia alivaa kandambili, akaenda, akakaa nyuma kabisa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani. Precious alikuwa mbele na kipaza sauti kinachokoroma. Watu walisema mambo yao. Mmoja alitaka kituo mbele ya duka lake, mwingine alitaka kujua kama mabasi yataruhusu kuku. Bashiru alifinya jicho, kisha akakumbuka kwamba hakuna anayemtazama, akalifumbua.

Alikuwa na jambo. Barabara ya kupanda kilimani nyuma ya soko, ambayo ramani mpya ilipitisha mabasi, ilikuwa na kona kali pale juu. Basi, hata lile dogo, lingekwama nusu huku nusu kule. Alikuwa amelifikiria kwa siku kadhaa. Aliamini hakuna mwingine aliyeliona. Akainua mkono, akasubiri zamu, akasimama, akalieleza kwa sauti yake ya ofisini.

"Ahsante, mzee wangu," Precious akasema. "Kona hiyo tuliletewa na vijana wa bodaboda wiki iliyopita. Tumeshaihamisha njia, itapita chini, kwenye msikiti. Lakini umefanya vizuri kuisema, maana ramani iliyobandikwa hapa bado ni ya zamani." Akageukia upande mwingine. "Yule mama mwenye kitenge cha kijani."

Bashiru akaketi. Masikio yalimwaka moto. Mama mwenye kitenge cha kijani alisimama na kuanza kuzungumzia vyoo, na hakuwa mjuzi wa kuzungumza mbele ya watu: alianzia kwenye ugonjwa wa mkwe wake, akapitia Sengerema, akasahau swali, akalirudia kutoka mwanzo. Zamani, kwa mtu kama huyu, Bashiru angekuwa ameshainuka kwenda zake. Aliuangalia mlango wa uwanja. Ulikuwa wazi, na njia ya nyumbani ilikuwa fupi. Akasogeza magoti, akapata mkao, akamgeukia yule mama ili amsikie vizuri, kwa sababu alianza kuelewa kwamba yule mkwe hawezi kukaa safarini muda mrefu bila choo, na kwamba kwenye ramani ile yote, ya zamani na mpya, choo hakikuwepo.